Nilifuta Jina la Rafiki Yangu Kwenye Kazi Yake

Kosa ni langu, na sitaki kulipamba. Nilimwibia rafiki yangu kazi ya miaka miwili. Sikuvunja mlango wala sikumtishia mtu. Nilifuta mistari yenye jina lake, nikaandika langu, nikiwa na akili zangu timamu.

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na sita, nina steshenari Mtwara mjini. Natoa kopi, nachapa barua, natengeneza kompyuta. Rafiki yangu nitamwita Anselmo, ingawa silo jina lake. Kwao ni Kitaya, mpakani kabisa. Babu yake alivuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji, akalima hapo na kuzeekea hapo. Tulisoma kozi ya kompyuta pamoja. Mimi nilifaulu kwa kukariri. Mwenzangu alikuwa anaelewa.

Ngoja niieleze hiyo kazi. Ndani kabisa ya kompyuta kuna programu inayoitwa kerneli, ndiyo inayoongea na mashine yenyewe. Juu yake kuna mfumo wa picha, ule unaochora madirisha kwenye kioo na kukisogeza kile kimshale ukigusa mausi. Tulipata kerneli moja nyepesi, ya kundi la watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali. Ilifaa sana kwa kompyuta kuukuu zilizolala kwenye shule zetu za sekondari, ila haikuwa na picha. Kioo cheusi na maandishi, basi.

Anselmo akaniambia, "Kaka, tuuchukue mfumo wa picha wa kerneli nyingine tuuhamishie huku. Mwanafunzi wa sekondari ya Mpapura utamfundishaje kompyuta kwenye kioo cheusi?"

Kusema ni rahisi. Mfumo wa picha kila mara unaiomba kerneli kitu: nipe kioo, niambie mausi imekwenda wapi, nipe sehemu ya kumbukumbu ambayo programu mbili zitaitumia pamoja. Kerneli mpya ilikuwa haielewi maombi hayo, au inajibu kivingine. Kila ombi ilibidi liandikwe upya. Mimi niliandika sehemu ya kibodi. Sehemu nyingine zote aliandika Anselmo.

Kitaya mtandao ulikuwa wa kubahatisha, kwa hiyo alikuwa anakuja mjini kila Jumamosi na kazi yake kwenye fleshi, mimi naiunganisha, ikikamilika niitume kwa kundi kutoka dukani. Ndivyo tulivyokubaliana.

Siku kimshale kilipotembea kwa mara ya kwanza, Anselmo alikaa kwenye benchi akashika kichwa. Mama mmoja aliyekuja kutoa kopi ya cheti akauliza kuna msiba gani. Anselmo akamjibu, "Hakuna, mama. Mausi imefanya kazi." Yule mama alituangalia kama wagonjwa, akachukua kopi yake akaondoka. Tulicheka mpaka machozi.

Wiki ile ile nilikaa kuituma kazi nzima. Juu ya kila faili kulikuwa na jina la Anselmo. Nikajiambia duka ni langu, kompyuta ni yangu, na kibodi niliandika mimi. Nikafuta jina lake faili moja baada ya nyingine, nikaandika langu. Nikajiambia nitaliongeza baadaye.

Kiongozi wa kundi, mwanamke tuliyemjua kwa barua pepe tu, aliandika kuwa hawakuamini mtu mmoja angeweza kufanya kazi kubwa namna ile. Mtu mmoja. Pale ndipo nilipopaswa kusema. Niliandika, "Asanteni."

Anselmo alipouliza wamesemaje, nikamwambia wameipokea.

"Na majina yetu yote mawili yapo?"

"Yapo."

Sifa zikaja. Chuo kimoja kiliniita nizungumze na wanafunzi. Mke wangu aliwaonyesha ndugu zake ile barua ya kiongozi wa kundi. Nami nikazoea, ndugu msomaji. Aibu hiyo ndiyo inayonila zaidi, kwamba nilizoea.

Miezi ikapita. Anselmo akaomba kazi kwenye kampuni moja Dar es Salaam, akaitaja kazi ile. Wale watu wakaitafuta, wakakuta jina moja tu, langu. Wakaniandikia kuniuliza kama Anselmo alishiriki.

Nilijibu, "Alinisaidia kujaribu."

Siku tatu baadaye, akitokea Dar, alisimama mbele ya kaunta yangu, begi la safari bado liko begani. Hakunisalimia.

"Wameniuliza kwa nini naiba kazi ya mtu," akasema. "Nikawaambia huyo mtu ni kaka yangu, mpigieni. Wakasema wameshamuuliza."

Nikamwambia mtandao ulisumbua siku ile, labda majina mengine yalipotea. Nilimwambia hivyo Anselmo, mtu aliyenifundisha mimi jinsi faili zinavyotumwa.

Akaomba fleshi yake. Nikampa. Akaondoka.

Haukupita muda, mwalimu wa Mpapura, tulikokwisha kufunga mfumo ule, akanipigia. "Fundi, vioo vimeganda. Ukifungua madirisha mawili tu, kompyuta inasimama. Na watoto wana zoezi la vitendo wiki ijayo."

Nikafungua ile sehemu ya kumbukumbu ya pamoja. Niliisoma siku nne. Jina langu liko juu, na chini yake sielewi hata mstari mmoja. Mwishowe nilienda Mpapura nikauondoa mfumo wa picha, vioo vikarudi kuwa vyeusi. Wale watoto walifanya zoezi la kompyuta kwa kuchora madirisha kwenye daftari. Niliwaona wakipiga mistari kwa rula.

Niliporudi nilimwandikia kiongozi wa kundi kila kitu. Jibu lake lilikuwa fupi. Majina yatarekebishwa, na mimi sitaruhusiwa tena kutuma kazi. Niliwaandikia na ile kampuni. Wakasema nafasi imeshapata mtu.

Kisha nikaenda Kitaya. Mama yake alikuwa anaanika muhogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umepotea sana. Mwenzio yuko nyuma huko."

Kwa alivyonipokea nikajua kijana wake hakumwambia neno.

Anselmo alikuwa amefungua mashine ya kupulizia mikorosho dawa ya salfa, vifaa vimetapakaa chini. Siku hizi anawatengenezea watu mashine hizo. Nilimwomba msamaha hapo hapo nikiwa nimesimama, nikamwonyesha jina lake kwenye simu. Akafuta mikono, akasoma taratibu, akanirudishia.

"Na kule kuganda?" akauliza.

Nikashangaa kwamba anajua. "Bado."

"Kumbukumbu inarudishwa mapema, kabla dirisha la pili halijamaliza kuitumia. Niliiona zamani. Nilitaka kukueleza siku ile niliyotoka Dar."

"Twende tukairekebishe wote, ndugu yangu. Uitume mwenyewe, kwa mkono wako."

Akaokota spana. "Wewe waambie hivyo nilivyokwambia. Mimi huko sirudi."

Niliwaandikia watu wa kundi maneno yake na jina lake. Walirekebisha, nikaurudisha mfumo Mpapura, na madirisha yanafunguka sasa.

Wewe uliyebeba kazi ya mwenzako, iwe ripoti, iwe wimbo, iwe chochote alichokuamini ukipeleke, andika jina lake kabla hujapongezwa. Ukishapongezwa utatamani kusubiri kidogo, na kila siku unayosubiri utahitaji uongo mwingine. Usiseme utamrudishia baadaye. Kinachorudi ni jina tu. Mimi namba ya Anselmo bado ninayo. Nikipiga anapokea, ananiuliza habari za watoto, halafu ananiambia kwa upole kabisa kwamba ana kazi.