Magoti ya Mama Mtoni

Kabla ya mifereji kufika Gachoka, wakati wa kiangazi mto wetu ulikuwa mchanga mtupu. Mama alichimba shimo, akapiga magoti, akangoja maji yajikusanye ndipo ayachote kwa kibuyu. Akingoja, aliomba. Mimi nami nilijifunza kuomba pale pale kando yake, nikiwa na kiu.

Nilipomjengea nyumba yenye maji ndani, nilimwambia apumzike. Wapi! Kila asubuhi alishuka mtoni na kibuyu chake. Ilinikasirisha. Watu wangedhani ninamnyima maji.

"Mama, haya ya jikoni yana kasoro gani?"

"Hayana kasoro, mwanangu. Ila hayanipigishi magoti."

Tulimzika mwaka jana. Kanisani bado naenda, naimba, nashukuru, narudi nyumbani kula. Lakini kila nikifungua mfereji nasikia kibuyu kikikwaruza mchanga, na nikiufunga, sauti haikomi.

Jana nilishuka mtoni. Shimo lake lilikuwa limefukiwa. Nikachimba kwa mikono, nikapiga magoti, nikangoja kama yeye. Maji yalikuja. Kiu ndiyo ninayoingoja bado.