Taa za Krismasi Nyumbani kwa Mama Mkwe

Kwa miaka kumi na mmoja sikuwahi kumshika mkono mama mkwe wangu. Hatukuwa tumekosana. Kwa watu wa kwao Tongaren, mwanamume na mama wa mke wake hawasalimiani kwa mkono, hawakai karibu, na wakikutana njiani mmoja humpisha mwingine. Mimi nilizaliwa eneo linaloitwa Kwanza, karibu na Kitale, kwa wazazi waliohamia huko kutoka upande wa Mlima Kenya, na kwetu mama mkwe husalimiwa kama mtu yeyote. Lakini nilifundishwa masharti hayo kabla ya harusi, nikayashika. Tuliheshimiana kwa umbali wa mita tatu hivi.

Desemba hiyo mke wangu aliamua kwamba nyumba ya mama yake lazima ipambwe. Mama ni muuguzi mstaafu, anaishi peke yake, na wajukuu wote walikuwa wanakuja. Nikanunua taa za rangi kwa mchuuzi mmoja Kitale. Waya ulikuwa mwembamba, na mahali pamoja ulikuwa umechubuka hadi shaba ikaonekana. Mchuuzi aliniambia hiyo si shida, nifunge na selotepu. Nikafunga na selotepu.

Tulifika Tongaren asubuhi. Tulisimamisha tawi la saipresi ndani ya ndoo ya mchanga, kisha mke wangu akaenda sokoni kutafuta vitunguu na dania. Mama mkwe alikuwa kwenye jiko la nje. Nilibaki sebuleni peke yangu. Ngazi ilikuwepo, imeegemea ghala la mahindi, hatua ishirini kutoka mlangoni. Niliona ni mbali. Nikaweka kiti cha plastiki juu ya meza, nikapanda.

"Mkwe," sauti ya mama ilitoka nje ya dirisha. Alikuwa ametazama upande wa shamba. "Ngazi iko."

"Asante mama. Niko sawa."

"Na hizo taa, si umeziwasha na bado umezishika?"

"Nataka kuona kama zinawaka zote."

Kumgombeza mkwe ni aibu, na yeye ni mtu wa adabu. Akarudi jikoni.

Zilikuwa zinawaka zote. Nilikuwa nazifunga kwenye ubao wa dari kidole changu kilipofika penye selotepu. Umeme haukunirusha kama watu wanavyosimulia. Ulinitikisa mkono tu, nami nikashtuka mwili mzima, na kiti kikateleza. Nilianguka upande wa kulia, juu ya mkono. Taa zilinifuata chini zikiwa bado zinawaka.

"Usiguse kitu!"

Mama aliingia, akanipita pale sakafuni bila kuniangalia, akazima swichi ya ukutani, akachomoa plagi. Ndipo akanigeukia, akasimama. Nilijua anachofikiria kwa sababu nami nilikuwa nakifikiria. Hapakuwa na mtu mwingine nyumbani, na mkono wangu ulikuwa umepinda mahali pasipo na kiungo.

Akaingia chumbani. Alipotoka alikuwa amevaa glavu.

"Sasa wewe ni mgonjwa," aliuambia ukuta. "Mgonjwa hana ukwe. Unaumwa wapi?"

"Hapa juu ya kifundo, mama."

"Kichwa kiligonga chini?"

"Hapana."

"Moyo unapiga mbio?"

"Unapiga, lakini ni aibu."

Akalifikiria hilo kidogo, kama dalili.

Alichukua miiko miwili ya ugali, akaiweka pande mbili za mkono. Bandeji hakuwa nayo. Iliyokuwa karibu ni riboni ya dhahabu, ile ya kumetameta tuliyoununulia mti. Akanifunga nayo, imara, kisha akatumia nyingine nyekundu kuuning'iniza mkono shingoni. Mke wangu aliporudi na vitunguu, aliyekuwa amepambwa ni mimi. Nyumba bado.

"Nani amekufunga hivi?"

"Mama."

"Mama gani?"

"Mama yako."

Alikaa chini kwanza, ndipo akauliza kama mkono umevunjika.

Hospitalini Kitale daktari aliwaita wenzake wawili waje waone. Walinitazama kwa muda, wakiwa makini sana. Kisha daktari akasema aliyefunga anaijua kazi, akaikata riboni, akanipiga picha ya eksirei, akaniweka plasta ya wiki sita. Miiko nilirudishiwa.

Siku iliyofuata mama mkwe alikata plagi ya zile taa kwa kisu, akazitumbukiza kwenye choo cha shimo ili mtu mwingine asiziokote. Nyumba ikapambwa kwa baluni. Mke wangu alipanda ngazi, dada yake akaishika chini. Siku ya Krismasi nilikaa barazani nikila kwa mkono wa kushoto, na mama alipita mbali, akanisalimu kwa kichwa.

Tuliporudi kwetu mtaa wa Tuwan, Kitale, alikuwa akimpigia mke wangu simu kila siku. Hakuomba hata mara moja kuongea na mimi.

"Muulize kama vidole vinafanya kazi."

Sauti yake ilisikika nyumba nzima, lakini mke wangu aliniuliza. Nikavichezesha, naye akajibu:

"Vinafanya, mama."

"Mwambie anywe maziwa. Ya ng'ombe, si ya paketi."

Sipendi maziwa. Niliyanywa wiki zote sita.