Nafasi ya Keza

Nakumbuka Jumapili moja kule Gasenyi, mwanangu, nilipowaeleza wamama hesabu zangu, wakazielewa kupita nilivyotaka.

Nilikuwa msichana wa chuo kikuu, naishi Mutanga Sud, kichwa kimejaa hesabu za jinsi magonjwa yanavyosambaa. Ujana nao! Ukijua kitu kimoja unaona dunia nzima inakungoja. Surua ilikuwa imeingia huko Gasenyi, mtaani kwa dada yangu, naye alikuwa na mtoto mchanga, Keza, ambaye hajafikia umri wa kuchanjwa. Tuliogopa sana. Na kwetu unajua, mtoto akizaliwa watu wanakuja na chakula na pombe kumpongeza mama, na kichanga kinapita mkono kwa mkono mpaka kimezunguka nyumba nzima.

Basi baada ya misa nikaomba kuongea. Nikawaambia mgonjwa mmoja wa surua huambukiza wengi, lakini watoto wengi wakiwa wamechanjwa, ugonjwa unakosa pa kupita na unazimika. Si lazima wachanjwe wote, nikasema, wachache wanaobaki watakingwa na wenzao. Hesabu yenyewe haikuwa na kosa, hata leo naitetea.

Wakapiga makofi. Jirani wa dada, Mama Divine, akasimama akitabasamu. "Merci, dada. Basi watoto yangu watabaki mu wale wachache. Sindano inawalizaka sana."

Mwingine akasema na wake pia. Kabla sijafunga mdomo, mtaa mzima ulishaingia kwa wale wachache! Sikujua nicheke au nilie.

Ndipo akainuka mama mkwe wa dada, Bibi Colette, Keza yuko mgongoni. "We mutoto wa chuo, hesabu yako ni nzuri, lakini hukusema hiyo nafasi ni ya nani." Akageuka tumwone mtoto. "Mwenyewe ni huyu. Yeye hawezi kuchanjwa bado. Mwenye kuweza asimunyanganye nafasi yake. Na kwangu, mutoto asiyechanjwa apana kumukaribia Keza, na mama yake apana kuonja pombe yangu."

Pombe ya Bibi Colette, mwanangu, ilijulikana mpaka kule viwandani, Zone Industrielle. Siku ya chanjo Mama Divine alikuwa mbele kabisa ya mstari, wanawe wakilia kwa zamu. Tulikwenda tukiimba, tukarudi tukiimba. Surua haikubisha hodi kwa dada. Sherehe ya kumpongeza dada ikafanyika, Keza akapakatwa na kila mtu, nami nikacheza mpaka viatu vikaniuma. Furaha ile bado ninayo.

Jana nilikuwa kwa Keza kumpongeza, amejifungua mvulana. Nilikwenda na wajukuu. Kabla sijaketi akaniuliza, "Tantine, hawa wote wamechanjwa?" Nilicheka mpaka machozi.

Sikia basi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ukisikia hesabu inasema wachache wataachwa, usikimbilie kujiweka humo. Wako akiweza kuchanjwa, mpeleke, hata akilia, nafasi inayobaki mwachie asiyeweza. Na ukiwa wewe ndiye mwenye kufundisha, usiondoke mbele za watu kabla hujataja jina la mtoto unayemhesabia.

Mungu akupe watoto wa kupakatwa na kila mgeni bila hofu, na wageni wasipungue mlangoni kwako.