Asali ya Kubeba

Baba yangu alikuwa mrina asali katika misitu ya Mpanda, na sheria yake ilikuwa moja: mwenye njaa akikuta mzinga wako porini, ale mpaka ashibe, lakini asibebe. Mimi, katekista, nilipenda kuongeza kwamba Maandiko nayo yanasema hivyo kuhusu shamba la mizabibu.

Mwaka ule wa ukame, mimi na kaka zangu tulimkamata mwanamume chini ya mzinga wetu, amefunga sega moja kwenye majani.

“Mimi nimeshakula, ndugu zangu,” alisema. “Hili ni la mke wangu. Hawezi kutembea.”

Nikamuuliza, kwa sauti ileile ya kufundishia, sheria inasemaje. Nikampiga mimi wa kwanza.

Watu husema hasira ilitupanda. Uongo! Hasira ingeisha mapema. Sisi tulijiona tuna haki, ndiyo maana hatukuchoka. Alipoacha kujikinga tulimwacha palepale, na hakuna aliyeuliza mkewe yuko upande gani.

Lile sega tulilibeba mpaka nyumbani. Mama akaligawa kwenye sahani, na mimi nikaombea chakula.