Kiunzi Huria na Onyo la Wodi ya Wazazi

Siku yangu ya kwanza katika ile hospitali ya Dodoma, Meneja Mifumo hakunipa hata nafasi ya kukaa. Nilikuwa nimetoka kwenye kiwanda cha alizeti cha Kizota, nikiwa mwanaprogramu mzoefu na mama wa watoto wakubwa, lakini siku hiyo nilijiona kama mwanafunzi.

"Bi Zuhura," alisema, "mapokezi wana mfumo wao, maabara wao, famasia wao, na mifumo hiyo haizungumzi yenyewe kwa yenyewe. Mgonjwa mmoja anakuwa watu watatu. Kampuni iliyotuuzia imefungasha virago, na ndani ya programu zake hatuwezi kuingia. Tunaanza upya, kwa kiunzi huria."

Vijana mnakiita fremuweki. Kiunzi ni mifupa ya programu: kumtambua mtumiaji, kuongea na hifadhidata, kulinda kurasa, vyote vimekwishaandikwa. Wewe unaongeza nyama, yaani kazi yenyewe ya mahali pako. Na huria maana yake msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, uko wazi; unausoma, unautumia, unaurekebisha, ilimradi ufuate masharti ya leseni yake.

Mganga Mfawidhi, mkuu wa hospitali, hakupendezwa hata kidogo.

"Hicho cha bure kikigoma, tutamshika nani?"

"Mtanishika mimi, Daktari," nilijibu. Nilisema hivyo ilhali kiunzi chenyewe sikuwa nimekigusa bado.

Nilianza vibaya. Mfano wa kwanza, ukurasa wa kusema karibu tu, ulikataa kufunguka. Kumbe toleo la kiunzi na toleo la lugha ya programu kwenye mashine yangu hayakupatana. Niliuliza kwenye jukwaa la mtandaoni la watumiaji wake, na mtu nisiyemjua, wa nchi nisiyowahi kufika, akanielekeza mstari wa kubadilisha. Ukurasa ulipofunguka nilicheka peke yangu, hadi mhasibu wa chumba cha pili akachungulia kuona kuna nini. Tangu hapo nilijiwekea utaratibu: soma mwongozo, jenga kipande kidogo, kijaribu, ndipo uongeze kingine.

Kisha nikapelekwa Gulwe, kwenye zahanati iliyokuwa ikituletea wagonjwa. Muuguzi Mfawidhi wa pale, Mama Chilewa, Mgogo mwenye sauti ya taratibu, aliitazama kompyuta yangu bila shauku.

"Mwanangu, mtandao wa hapa unakuja ukitaka. Mgonjwa yeye hangoji."

Maneno yale yaliubadilisha mpango wangu wote. Nilirudi kwenye kiunzi nikapanga kumbukumbu zihifadhiwe kwanza kwenye mashine ya zahanati, kisha zisafiri zenyewe mtandao ukirudi. Na kwa ombi lake, nikaongeza sehemu ya mzio, yaani dawa ambazo mwili wa mgonjwa huzikataa, iwe onyo jekundu mbele ya daktari yeyote atakayeandika dawa hiyo.

Tulikuwa bado kwenye majaribio alipoletwa Anjelina, mzazi wa siku chache kutoka Gulwe, homa imempanda, hata jina lake halitamki. Barua ya rufaa ilikuwa imeandikwa kwa haraka, haikutaja mzio wowote. Mama mkwe wake alikuwa akilia mlangoni. Nami nilikuwa wodini nikiwafundisha wauguzi mfumo.

Daktari wa zamu alichapa jina la dawa, moja ya jamii ya penisilini. Skrini ikawa nyekundu.

"Hii nini tena?" aliuliza kwa ukali.

Nilisogea nikasoma. Mama Chilewa alikuwa ameandika siku ya kliniki, mimba ikiwa bado changa: penisilini ilimvimbisha koo utotoni.

"Daktari, naomba usome kwanza," nilisema.

Alisoma. Akafuta, akaandika dawa nyingine, akamwita muuguzi. Mimi nilitoka nje, nikaketi kwenye benchi karibu na mama mkwe wa Anjelina. Alidhani nami nina mgonjwa ndani, akanipa pole. Nilimjibu ahsante, maana kweli nilijisikia kama mwenye mgonjwa ndani.

Anjelina aliamka, akanyonyesha. Mganga Mfawidhi alinikuta ukumbini.

"Hicho chako cha bure," alisema, "kipelekeni na kituo cha Kolo." Akapita zake.

Tulikipeleka Kolo, na vituo vingine baadaye, hadi nilipostaafu.

Mwanzoni mwa kustaafu simu yangu ilikuwa kimya, na kimya kile kilinitisha. Nilifikiri wananificha tatizo. Nikaenda kuwasalimu. Neema, binti aliyeshika kiti changu, aliinuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mnaendeleaje bila kunipigia?"

Alinifungulia msimbo. Kiunzi kilikuwa toleo jipya. Ile sehemu ya onyo niliyoiandika mimi ilikuwa imeondolewa, na mahali pake pamekaa nyingine, fupi, safi, inayokagua hata dawa zisizopatana zenyewe kwa zenyewe. Niliisoma mstari kwa mstari. Niliielewa yote.

"Umekasirika, mama?"

"Hapana, mwanangu," nilimwambia. "Leo ndiyo nimestaafu kweli."