Chumba cha Juu cha Nakolong

Nakolong alijenga nyumba zake zote kwa mikono yake. Kwa Waturkana hiyo ni kazi ya mwanamke: kukata fito, kuzipinda, kuzifunga, kuezeka, na mwanamume akiingia humo ni mgeni wa mkewe. Hii ya sasa, hapa Isiolo mjini, hakuiwekea hata jiwe moja. Ilijengwa na mwanawe Dan, aliyekwenda Uingereza kutunza wazee akarudi na picha za nyumba za kule kwenye simu.

Na nyumba alizojenga, jamani! Tatu zimegandana ukuta kwa ukuta, nyembamba, ndefu kwenda juu, madirisha yamepangwa sawasawa, na juu ya kila mlango kuna kioo cha nusu duara. Paa limefichwa nyuma ya ukuta kana kwamba ni jambo la aibu. Ndani kuna hata mahali pa kuota moto, Isiolo hii ambako mbuzi wanagombania kivuli! Jikoni kumechimbwa nusu ardhini, sebule iko juu yake, na chumba cha Nakolong kiko juu kabisa. Dan alisema huko ndiko kuna upepo.

Alisahau magoti. Nakolong akishapanda zile ngazi huwa amekwisha, hana hamu ya kushuka tena. Amechoka na ngazi, amechoka pia kusema asante.

Juzi rafiki yake wa tangu usichana alikuja kwa miguu kutoka kijiji cha Leparua. Huyo hagongi mlango wa mtu; huita jina lako akiwa nje, nawe uitike. Aliita, akaita. Nakolong alikuwa amejilaza juu, madirisha yamefungwa kwa sababu ya vumbi. Aliposhuka alimkuta Mutea tu, mpangaji wa nyumba ya pili.

"Mama Dan, rafiki yako ameita hapa mpaka akachoka. Amesema pengine siku hizi huongei na watu wa chini."

Nakolong alilia. Kisha akapanda, akaanza kuburuta godoro kwenye ngazi. Dan alimkuta ameshafika nalo sebuleni.

"Mama, unapeleka hiyo godoro wapi?"

"Huko jikoni. Mtu akiniita nitasikia."

"Huko hapana! Hizi nyumba za wazungu, huko chini ilikuwa ya wafanyikazi. Mwenye nyumba analala juu."

"Na wewe kule kwao ulikuwa unalala wapi?"

Dan aliangalia vidole vyake vya miguu.

"Huko chini," alisema. "Hiyo miaka yote. Dirisha ilikuwa inaonyesha viatu za watu tu."

Nakolong aliketi juu ya godoro. Kila Dan alipopiga simu kutoka huko alisema anaishi kwenye ghorofa nzuri, naye mama akawatambia majirani. Sasa alielewa kwa nini mwanawe alimpa chumba cha juu, akamwonea huruma hata hasira ikamtoka. Uchovu ulibaki palepale.

"Shika huko mwisho," alisema baadaye. "Turudishe juu."