Matairi Makubwa ya Kornelio

Mlola nzima inajua kuwa Kornelio ni dereva mwoga, na mwenyewe hakatai. Akikaribia kona hupiga honi tangu mbali, hushusha gia, na mara nyingine hushuka kabisa akachungulie kama kuna gari linapanda. Vijana wa bodaboda humcheka. Akina mama wanaopeleka mboga Lushoto huyaacha magari ya wengine wakapanda lake, kwa sababu wanataka kurudi nyumbani wakiwa wazima. Kwa woga huo amesomesha watoto na kuezeka nyumba kwa bati.

Tatizo lilikuwa matope. Masika yaliyopita pikapu yake ilikwama kila mara, karoti zikaozea garini, na Zainabu, mwenye maneno makali kuliko wafanyabiashara wote, akamwambia mbele za watu, "Kaka Kornelio, woga wako tunaupenda, lakini hautunasui kwenye tope."

Maneno hayo yalimwingia. Akaenda Lushoto kwa fundi Ernest, akafungiwa matairi makubwa kuliko yale ambayo gari lilikuja nayo. Ernest akazungusha usukani hadi mwisho, kushoto na kulia, akapitisha kidole kati ya tairi na bati la madigadi. Kikapita. Gari lilikuwa tupu, limesimama kwenye sakafu ya saruji.

Mwingine angepakia watu kesho yake. Kornelio hakuthubutu. Alijaza mawe ya shambani nyuma, uzito wa mzigo wa siku ya soko, ili kwanza ajaribu peke yake kwenye Kona ya Shimoni, pale mteremko unapojikunja kushoto na mbele yako huoni kitu ila vilele vya miti iliyoota bondeni. Mkewe, Secilia, akaja akijifuta mikono kwenye kanga, akafungua mlango, akaketi.

"Mama Heri, baki."

"Nibaki nifanye nini? Nisikilizie honi?"

Matope waliyavuka kama mchezo. Kornelio akaanza hata kupiga mluzi, jambo ambalo mkewe hakuwahi kulisikia ndani ya gari lile.

Kwenye kona aliukata usukani kushoto huku akikanyaga breki, kama alivyozoea miaka yote. Pua ya gari ikainama kwa uzito, na chini ya miguu yake ukasikika mpira ukisaga bati. Usukani ukagoma kabla kona haijaisha. Gari likaendelea kwenda mbele. Akakanyaga breki kwa miguu yote miwili, likasimama ukingoni, na kwenye kioo hakuona barabara tena, aliona majani tu.

Huu haukuwa ule woga wake wa kila siku. Uhai wao wote wawili ulikuwa kwenye miguu yake iliyokanyaga breki. Breki ya mkono haikuwa ya kutegemewa. Akaelewa kilichowapata: breki ndiyo iliyoinamisha pua na kulibana tairi. Akiiachia, usukani utafunguka, na gari nalo litaondoka.

"Shuka," akanong'ona. "Chukua mawe, weka mbele ya matairi. Polepole, usilitikise gari."

Secilia akashuka. Kila jiwe lilipotoka gari lilitikisika kidogo, na kila lilipotikisika Kornelio aliona kama majani yamesogea. Akaanza Baba Yetu, akaisahau katikati, akaanza upya. Mawe yalipokaa, akamwambia mkewe akasimame mbali, kule juu barabarani, ili aachie breki.

Secilia akazunguka gari, akafungua mlango, akaingia.

"Nimekuambia ukae mbali."

"Nikiwa kule utaachia ovyo, potelea mbali. Nikiwa humu utaogopa. Ogopa, Baba Heri, kisha uachie."

Kornelio akashika usukani kwa mikono yote miwili. Akaachia breki kidogo kidogo. Gari likayaegemea mawe, mawe yakasagika, yakashika. Pua ikainuka, usukani ukalegea. Akaunyoosha, akaingiza gia ya nyuma, wakapanda kinyumenyume hadi penye tambarare. Hapo ndipo Secilia alipofungua mlango akatapika, na Kornelio akamshika mabega.

Siku ya soko ilifika na mvua. Akina mama walikuja na magunia yao wakalikuta gari limerudishiwa matairi yake ya zamani. Kornelio akawasimulia yote, hata kule kuisahau sala, wala hakuna aliyecheka. Zainabu akaitazama barabara iliyogeuka uji.

"Kwa hiyo leo tutakwama," akasema.

"Tutakwama, dada."

Zainabu akarusha gunia lake juu, akavua viatu, akapanda.